Nauza gitaa la solo: G&L ASAT ya 1989. Siyo Fender, ila ni mkono wa Leo Fender

Kamba Nyembamba (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Nauza gitaa langu la umeme. Ni G&L ASAT, limetengenezwa Fullerton, California, mwaka 1989. Bodi nyeusi, shingo ya mbao ya mepo, ubao wa freti (vile vyuma vya shingoni) ni mbao ya rozwudi, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) mbili zile pana. Nililinunua Moshi mwaka 2009 kwa Mmarekani aliyekuwa anafundisha sekondari kwa kujitolea. Mkataba wake ulipoisha akawa anauza vitu vya ndani: jiko la gesi, baiskeli, godoro, gitaa. Watu waligombania jiko.

Hali yake naisema yote hapa, asije mtu akadai nimemficha. Freti tano za mwanzo zimeliwa kidogo chini ya uzi wa kwanza na wa pili. Nobu ya toni siyo ya kwake. Jeki ya kuchomekea waya nilibadilisha 2016. Skrubu zina kutu maana nakaa Kigamboni, na upepo wa bahari hauulizi chuma kimetoka wapi. Keisi ngumu ipo, kufuli moja imekufa.

Sababu ya kuuza: kijana amepata chuo, na gitaa lina miezi minane halijachomekwa popote.

Bei 2,800,000. Maongezi yapo ila tusiuane.

Napita Tu

Picha mkuu. Nimekaa paleee kwenye kona.

Mtoto wa Ilala

2.8M?! Kariakoo kwa laki tatu unapata jipya kwenye boksi, lina kibegi, waya na mkanda. Halafu G&L ndiyo nini? Gari na Lori?

Kamba Nyembamba

Hahaha, Gari na Lori nimeipenda. Ni George na Leo.

Leo Fender, yule yule wa magitaa ya Fender, aliuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965, dola milioni 13. Jina nalo likaenda. Fikiria, mtu unaitwa Fender na huwezi kuandika Fender kwenye gitaa unalolitengeneza kwa mikono yako. Akapitia Music Man, kampuni nyingine ya magitaa, kisha mwaka 1980 wakaanzisha G&L na rafiki yake wa tangu zamani, George Fullerton. (Mji nao unaitwa Fullerton, ila haukuitwa hivyo kwa ajili ya huyu George. Imetokea tu.) Kiwanda kilikuwa kwenye barabara inayoitwa Fender Avenue. Kwa hiyo jina lake lilikuwa kwenye kibao cha barabarani, kwenye gitaa lake marufuku.

Katikati ya miaka ya 80 wakatoa gitaa wakaliita Broadcaster. Jina hilo Leo alishalitumia kule Fender mwanzoni, kabla halijawa Telecaster. Fender wakang'aka, likabadilishwa likaitwa ASAT. La kwangu ndilo hilo. Leo alifariki Machi 1991, kwa hiyo hili limetoka mzee akiwa bado anaingia kazini.

Na hakujua kupiga gitaa. Hata kulityuni alikuwa hawezi. Alikuwa fundi redio.

Fundi Lehemu

Hapo kwenye fundi redio umenigusa mkuu, maana ndiyo kazi yangu na mimi. Mteja akileta amplifaya imeungua huwa namwambia gitaa lake lenyewe limebuniwa na mtu wa kada yangu, hawaamini.

Sasa mambo mawili kabla watu hawajakushambulia.

Namba inaanza na nini? Magitaa ya G&L ya Marekani ya zamani namba yake huanza na G halafu tarakimu sita, besi huanza na B. Ya baadaye yana CLF, ambazo ni herufi za jina lake mzee, Clarence Leo Fender. Kuna toleo linaitwa Tribute, hayo yametengenezwa Korea na baadaye Indonesia. Nimewahi kuyafungua mawili, ni vyombo vizuri tu wala sitaki mtu ayadharau, ila bei yake ni nyingine kabisa. Mnunuzi anayejua atakuuliza hilo kabla hajakusalimia.

La pili, fungua shingo. Walikuwa wanagonga mhuri wa tarehe kwenye kisigino cha shingo na ndani ya tundu la bodi inapokaa shingo. Ukiwa na hiyo tarehe unamaliza ubishi. Ila legeza nyuzi kwanza, tafadhali, usije ukaniletea kesi.

Kuhusu bei: gitaa la kampuni kubwa bei yake anaijua hata muuza vocha. La kampuni ndogo mnunuzi anajiuliza, "na mimi nikikwama nitamuuzia nani?" Huo woga wake anaukata kwenye hela yako. Jiandae.

Kamba Nyembamba

Fundi, nimefungua jana usiku juu ya meza ya chakula, mama watoto ananitazama kama nachinja mbuzi sebuleni. Bolti ni tatu siyo nne. Ndani kuna mhuri wa wino, Machi 1989, kwenye shingo na kwenye bodi, zimepishana siku chache. Chini ya mhuri kulikuwa na vumbi la mbao na mende mmoja mkavu. Sijui ni wa California au wa Kigamboni.

Namba inaanza na G.

Fundi Lehemu

Bolti tatu ni sawa kwa miaka hiyo. Mende ni wa kwetu huyo.

Dalali Msomi

Mleta uzi, nina mteja wa uhakika, bendi ya hoteli. Ushauri wa bure: pale kichwani sugua hayo maandishi, kuna kijana anachapisha stika za Fender huwezi kutofautisha. Umbo si linafanana? Nakuuzia milioni 4 ndani ya wiki, mimi unanipa kumi yangu.

Mtoto wa Ilala

Hii sasa kali.

Fundi Lehemu

Dalali, yaani unataka kulifanya gitaa orijino liwe feki ili lipande bei. Nimekaa kwenye ufundi miaka ishirini sijawahi kusikia. Hata kichwa chake hakifanani na cha Fender, na mtu akitoa bolti akakuta tatu, halafu pikapu hizo, utajibu nini? Na siku akija kwangu kulitengeneza unataka mimi nimwambie nini?

Kamba Nyembamba

Dalali, asante, hapana. Mzee wa watu alinyang'anywa jina mara moja inatosha, mimi nisije nikambandika lile lile kwa stika.

Kwaya Kuu

Bwana asifiwe wapendwa. Kwaya yetu ina uhitaji wa gitaa la solo. Tuna 1,200,000 mkononi, nyingine tungelipa kidogo kidogo hadi Desemba baada ya tamasha. Mpendwa utatufikiria?

Kamba Nyembamba

Amina mpendwa. Nawaheshimu sana, kwaya ndizo zinazonunua magitaa nchi hii kuliko bendi zote. Lakini nitakuwa mnafiki nikiwauzia hili. Gitaa la kwaya linashikwa na vijana wanne, linabebwa kwenye daladala, linaachwa kanisani Jumapili hadi Jumapili. Hili freti zake zinataka kazi hivi karibuni, na pikapu zake zikifa hampati nyingine Kariakoo. Kwa 1.2 tafuteni jipya la kampuni inayoeleweka, lenye dhamana ya duka, na chenji mnunue amplifaya. Ile ya sasa nina hakika inalia kama mbu.

Kwaya Kuu

Umejuaje?

Mzamiaji

Niko Minneapolis, Marekani. Mleta uzi, umeweka bei ukiangalia matangazo au ukiangalia yaliyouzwa? Watu wengi wanachukua bei iliyotundikwa mtandaoni, wakati gitaa hilo hilo limetundikwa mwaka mzima hakuna anayeligusa. Kwenye Reverb, lile soko la mtandaoni la vyombo vya muziki, unaweza kuona yaliyokwisha kuuzwa, hiyo ndiyo bei. Huku G&L wana watu wao, hawako wengi lakini wanajua, mtu anakuuliza hadi uzito. Usafirishaji ndio utakuua: nauli, bima, kamisheni ya mtandao, na likifika shingo imepinda mnunuzi anadai hela yake.

Mpwani

Na hiyo rozwudi inaruhusiwa kutoka? Mimi nasikia ni mbao za kukamatwa nazo uwanja wa ndege.

Mzamiaji

Ilikuwa hivyo. Januari 2017 ule mkataba wa CITES, wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulibana miti yote ya jamii ya Dalbergia, ikabidi gitaa lenye kipande cha rozwudi liombewe kibali ukiliuza nje ya nchi. Maduka yalilia. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeachiwa, isipokuwa za rozwudi ya Brazil, hiyo iko kwenye orodha kali zaidi tangu 1992 na bado ina kibali chake.

Mpwani

Dalbergia! Sasa huyo ni ndugu wa mpingo wetu. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Huku Kilwa tunauona unapakiwa magogo, unakwenda Ulaya kuwa klarineti na oboe, na sisi tunabishana kipande cha binamu yake kwenye gitaa la Mmarekani. Endeleeni.

Kamba Nyembamba

Mzamiaji, niliangalia yaliyouzwa, nikapunguza kwa sababu ya freti, nikapunguza tena kwa sababu niko Dar na siyo Minneapolis. Kupeleka nje sitaki. Kuna mtu hapa hapa atalitaka.

Napita Tu

Picha?

Kamba Nyembamba

Mrejesho, wiki ya pili. Kaeni vizuri.

Mteja wa kwanza alikuja Jumamosi na rafiki yake. Kijana msafi, anapiga kwenye harusi. Akalishika, akalipenda, akawasha tochi ya simu akaanza kulikagua kama daktari wa meno. Alipofika mgongoni mwa shingo akanyamaza. Akamwita rafiki yake. Wote wawili wakainama.

"Broo, limepasuka hili."

Kuna mstari mwembamba kama unywele, unatoka kisiginoni unapanda moja kwa moja katikati ya shingo. Mimi nimeuona miaka yote. Ni kwamba G&L enzi hizo walikuwa wanapasua shingo kwa msumeno kwa urefu wake, vipande viwili, wanachimba njia ya ile fimbo ya chuma inayoizuia shingo isipinde, wanaiweka, halafu wanagundisha tena. Leo mwenyewe alibuni hivyo. Makampuni mengine yanachimba kwa mgongoni na kuziba kwa ukanda wa mbao nyeusi, mtu anauona anadhani ni urembo. Huku hakuna urembo, kuna mstari.

Nikamwambia apitishe kucha. Akapitisha kutoka chini hadi juu, taratibu, haikunasa popote. Akapitisha tena. Nikaona kabisa kichwa kimekubali ila moyo umegoma. Akasema atanipigia. Hajapiga, na mimi sikumlaumu. Ukiwa na akiba ya miaka miwili mfukoni mstari kama ule ni bonde la ufa.

Wa pili alikuja saa mbili usiku baada ya kazi. Nikachomeka kwenye amplifaya yangu pale sebuleni, chini ya taa ya tyubu. Mzzzzzz. Akanitazama. Nikamweleza kuwa pikapu za koili moja zinadaka mtikisiko wa umeme wa taa na transfoma, magitaa yote ya namna hii yako hivyo, hata ya Fender. Nikamwambia ageuke aelekee dirishani. Akageuka, mlio ukashuka. Akarudi, ukarudi.

Akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, nikipiga stejini nitakuwa nimewapa watu mgongo?"

Nilicheka nikashindwa kujibu vizuri. Akaweka laki tisa mezani kwa mdomo, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi kituoni.

Fundi Lehemu

Ungezima taa ukawasha mshumaa.

Mtoto wa Ilala

Laki tisa ungechukua mkuu. Mimi tangu mwanzo nasema, jina hakuna.

Dalali Msomi

Stika.

Kamba Nyembamba

Dalali, acha.

Kamba Nyembamba

Wakuu, limeondoka. Nawapa kisa chote maana huu uzi umenifundisha, na wengine mna vyombo vya aina hii vimelala chini ya uvungu.

Alinipigia mzee mmoja. Namba alipewa na mtu anayesoma humu, yeye mwenyewe hana habari na mitandao. Sauti nzito, ya taratibu. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, uzi wa kwanza ukiupiga juu kabisa kule, unalia au unakata?" Nikamwambia shikamoo, njoo usikilize mwenyewe.

Amekuja na kivuko saa nne asubuhi, kofia ya balaghashia, kamfuko ka nailoni ndani kuna waya wake mwenyewe. Alipiga solo kwenye bendi za dansi tangu enzi zile bendi ni za jumuiya na mashirika. Akaniambia jambo ambalo nilikuwa nalijua ila sijawahi kulifikiria: maisha yake yote hajawahi kumiliki gitaa la umeme. Vyombo vilikuwa vya bendi. Ukiondoka kwenye bendi unaondoka na vidole vyako. Sasa wanawe wamechangishana wamnunulie.

Sikumwambia habari ya Leo wala CBS. Hakuuliza. Maandishi ya kichwani hata hakuyasoma, miwani ilikuwa mfukoni.

Hakuchomeka kwanza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akaliegemeza, akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa ubao wa juu wa bodi, akapiga uzi mmoja mmoja na kuuacha ufe wenyewe. Uzi wa sita, akasubiri. Wa tano, akasubiri. Mke wangu akapita na chai akaiweka chini hakusema kitu.

Ndipo akachomeka. Akataka sauti kavu, hakuna mwangwi. Akapanda juu ya shingo kule freti ya kumi na mbili kwenda mbele, akawa anapiga nyuzi mbili mbili, zile za kuimbishana, watoto wa jirani wakaja getini. Taa ya tyubu ilikuwa imewaka, mlio upo, yeye alizungusha goti kidogo tu akiwa pale pale kitini, ukaisha. Hakuna aliyemwambia.

Baada ya kama dakika kumi akaacha. "Uzi wa pili unapiga kelele kuliko wenzake," akasema. "Na hivi vitundu kwenye pikapu ni vya nini?"

Pikapu za G&L kila uzi una chuma chake kidogo chini, kina tundu la aleni, unakipandisha au kukishusha. Nimekaa na gitaa miaka yote hiyo sikuwahi kuvigusa. Nikaleta kile kispana kidogo. Akashusha cha uzi wa pili robo mzunguko, akapiga, akashusha tena kidogo, akapiga. Wakuu, gitaa lile lile. Zile kodi (chords) zilizokuwa zinanichoma sikio nikidhani ni amplifaya, zikakaa.

Bei. Nilikuwa nimejiapiza sishuki 2.5. Akasema wanawe wamefikisha 2,300,000 na mmoja ana duka la nafaka, angeongeza kilo ishirini za mchele wa Kyela. Nikasema sawa kabla sijamwangalia mke wangu.

Malipo tulifanyia benki siku iliyofuata, na mwanawe, na sikuachia keisi mpaka salio langu lilipobadilika kwenye kaunta. Siyo kwamba simwamini mzee. Ujumbe wa simu siku hizi mtu yeyote anaweza kuuandika, na nyinyi wenye kuuza vitu msilegeze hapo. Tukaandikishana karatasi mbili: namba ya gitaa, tarehe ya mhuri, kasoro zote nilizozitaja mwanzo wa uzi, na huo mstari wa mgongoni nikauandika pia, kwamba ni wa kiwandani. Nikampa na kispana. Kufuli iliyokufa aliifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akapiga fundo mara mbili.

Jana usiku amenipigia. Nikadhani kuna tatizo. Akataka tu kujua nyuzi nilizokuwa naweka ni namba ngapi. Nikamwambia kumi. Akasema ataweka kumi na moja, "hizi zako ni za watoto."

Fundi Lehemu

Mwambie mzee akiongeza unene wa nyuzi shingo itataka kukazwa kidogo ile fimbo. Aje kwangu, simtozi.

Kwaya Kuu

Tumenunua amplifaya mpendwa. Ubarikiwe.

Mtoto wa Ilala

2.3 na mchele. Haya, nimenyoosha mikono. Gari na Lori juu.

Kamba Nyembamba

Mods mnaweza kufunga uzi. Ada imelipwa muhula wa kwanza, mchele upo.

Napita Tu

Na picha hukuweka.